Kibuyu cha Ama kwenye Mabanda ya Ziwani

Juzi nilikuwa kwenye duka moja la vinyago Arusha, nikimsubiri rafiki yangu achague zawadi ya kumpelekea bosi wake, mkono wangu ukaenda kwenye kibuyu kilichokuwa rafuni. Kilikuwa kizuri, kimeng'arishwa, shanga zimepangwa shingoni bila kosa. Nikafungua kifuniko nikanusa. Kilinuka vanishi. Sikujua kwamba nilikuwa natarajia harufu nyingine mpaka nilipoikosa: moshi wa kijinga cha moto cha mzeituni pori, ule ambao bibi yangu alikuwa akiufungia ndani ya kibuyu kabla ya kutia maziwa. Ukizoeshwa moshi huo utotoni, maziwa ya pakiti yanabaki kuwa maji meupe maisha yako yote. Rafiki yangu akaniuliza mbona nimenuna. Nikamwambia sijanuna, nakumbuka safari moja ya kwenda ziwani. Akasema nimsimulie, ila muuzaji alikuwa anatutazama kwa hamu ya kufunga mauzo, basi nikanyamaza.

Nililelewa Ganako, juu kidogo ya mji wa Karatu, kwa babu na bibi mzaa baba. Bibi tulimwita Ama, kama wajukuu wa Kiiraqw wanavyowaita bibi zao. Baba alikuwa dereva wa lori la vitunguu, akiishi mjini na mama kwenye chumba cha kupanga, na waliona ni heri mimi nikulie kwenye maziwa na hewa safi kuliko kwenye vumbi la stendi. Sijawahi kuwalaumu. Babu alikuwa na shamba la mahindi na maharage, ng'ombe wachache, na msimamo juu ya kila jambo. Ama alikuwa na kazi zote zilizobaki.

Kutoka kwetu barabara ya kwenda Ngorongoro ilionekana vizuri, na kila asubuhi magari ya watalii yalipita yakiwa yamefunguliwa paa, watu wamesimama ndani, darubini machoni, kofia zimefungwa kidevuni. Nilimwuliza Ama wanatafuta nini. Akajibu, "Wanyama," kisha akaendelea kupepeta maharage yake, bila kujua amenipa mzigo wa kufikiri kwa miaka. Maana mimi nilijua jinsi mnyama anavyotafutwa. Ndama wa Babu alipopotea tulitembea bondeni kutwa nzima, tukiuliza kila boma, na Babu hakula mpaka alipopatikana. Kwa hiyo nikaelewa kwamba watalii nao wamepotelewa na mnyama wao. Alipotea zamani, mbali, na nyayo zake zikaelekea huku kwetu, ndiyo maana walikuja kizazi baada ya kizazi kumtafuta porini Ngorongoro. Niliwahurumia sana. Nilikuwa nikiwapungia mkono ili wajue kwamba hapa Ganako tuko nao.

Katika nyumba yetu palikuwa na jambo lingine lililopotea, nalo halikutafutwa. Shangazi Theresia, mdogo wake baba, aliolewa na kijana wa Singida aliyekuja kulima vitunguu Mang'ola, wakahamia huko chini karibu na ziwa Eyasi. Hilo Babu alilimeza. Lililomkwama kooni ni biashara. Kandokando ya ziwa, mahali magari ya watalii yaliposimama ili watu wapige picha maji na ndege, palikuwa pamechipuka mabanda ya kuuzia vitu vya asili, na Shangazi akafungua lake. Akawa anapita kwa wazee wa Ganako na Endabash akinunua vigoda, vibuyu na ngozi zenye shanga. Siku aliyomwomba jirani yetu kigoda cha marehemu baba yake, Babu alipata habari kabla chai haijapoa. Akasema binti yake anauza vyombo vya ndani vya watu kama mwizi anayegawa mali ya msiba, na kwamba yeye hana haja ya kumwona akipita njiani na gunia. Shangazi hakupita tena. Ama naye hakushuka kumwona, kwa sababu kwa mke wa umri wake kwenda mahali ambako mume amekataa kutuma hata salamu ni kumtangaza mume kijiji kizima. Yote haya niliyasikia nikiwa chini ya meza, sehemu nzuri kuliko zote ya kusikilizia mambo ya watu wazima.

Kisha Shangazi akajifungua. Mimba zilizotangulia zilikuwa zimeharibika, na Ama alikuwa amezilia kimyakimya jikoni, akijisingizia moshi. Baba alipoleta habari kwamba mtoto amekuja na yuko salama, Ama aliweka chini kile alichoshika, nakumbuka ulikuwa mwiko, akatazama mlangoni ambako Babu alikuwa amekaa. Babu akainuka, akasema anakwenda kuangalia mahindi. Mahindi yalikuwa yamevunwa.

Ama akalichukua hilo kuwa ndiyo. Alishusha kutoka darini kibuyu chake kikuu, kile cha shingo ndefu ambacho mama yake alimpa alipomzaa baba. Kilikuwa na ufa ubavuni ulioshonwa kwa uzi wa ngozi, kovu refu ambalo nilipenda kulipitisha kidole. Akakisugua, akakifukiza kwa kijinga, akatia maziwa ya Doa, ng'ombe wetu mwenye baka jeupe usoni, akayaacha yagande. Kwetu mama humpelekea bintiye maziwa akizaa mtoto wa kwanza, na kibuyu hakirudi: kinabaki kwa binti. Kazi hiyo yote Ama aliifanya akiimba kwa sauti ya chini nyimbo za kanisani, na mimi nikajua kwamba nitapelekwa, kwa sababu alikuwa ananiosha masikio.

Tulipanda lori la baba alfajiri, mimi katikati, Ama dirishani na kibuyu mapajani kimefungwa khanga. Nje kidogo ya Karatu tuliiacha lami, na nikaona magari ya watalii yakiendelea kupanda kuelekea msituni bila sisi, nikayapungia. Barabara ya Mang'ola ilikuwa ya mawe na makorongo. Lori lilirukaruka, meno yetu yaligongana, na ndani ya kibuyu maziwa yalisikika yakipiga huku na huko. Ama akasema, "Paulo, taratibu, unayasuka maziwa ya mwenzio." Baba akasema si yeye, ni serikali. Mlima Oldeani ukabaki nyuma yetu, hewa ikazidi kuwa ya joto, mashamba ya mahindi yakaisha, ikaja miiba, kisha ghafla mifereji ya maji na mashamba ya vitunguu ya kijani kibichi, na harufu yake ikaingia ndani ya lori kama mpishi amekaa nasi. Nilikuwa sijawahi kushuka chini kiasi kile. Nilidhani tukizidi kidogo tutatokea upande wa pili wa dunia.

Halafu nikaliona ziwa. Mvua zilikuwa nzuri mwaka ule na maji yalikuwa yamesogea hadi karibu na mikoche, mapana, ya rangi ya bati, na mbali kabisa palikuwa na mstari wa waridi ambao baba alisema ni ndege. Sikumwamini. Ndege wa kwetu walikuwa kunguru na wale wadogo wa kuiba mtama, hawakuwahi kukaa pamoja kwa wingi wakawa rangi. Upepo ulileta harufu ya magadi. Na ukingoni, kati ya barabara na maji, ndipo palipokuwa na mabanda.

Hata leo, baada ya kuona maduka makubwa yenye ngazi zinazotembea zenyewe, sijaona mahali pa kuuzia vitu palipopendeza kama pale. Yalikuwa mabanda machache tu ya miti na makuti, yamejipanga yakilitazama ziwa, na mbele ya kila banda shuka nyekundu na za bluu zimetundikwa kwenye kamba zikipigwa na upepo mpaka zinatoa mlio. Mezani palikuwa na bangili za shaba za wahunzi wa Kidatoga, wale wanaoyeyusha makufuli na mabomba mabovu yakawa mapambo, pinde na mishale ya Wahadzabe, vikapu, shanga za kila rangi, na wanyama wa mti, faru, tembo, twiga, wamesimama kwa safu. Nilipowaona hao wanyama roho yangu ilitulia. Bila shaka, niliwaza, hawa ndio mifano. Mtalii anakuja, anamchagua anayefanana na wake aliyepotea, anakwenda naye akiwaonyesha watu njiani. Niliona ni mpango wa busara sana, na nikajivunia kwamba shangazi yangu ndiye anayewasaidia.

Baba alitushusha, akasema anakwenda kupakia vitunguu, atatupitia jioni. Kwenye banda la Shangazi alikuwepo mama mmoja mnene mwenye ushungi, jirani yake wa kibanda cha pili, aliyejitambulisha kuwa Mama Husna.

"Karibuni, karibuni sana. Theresia yuko nyuma hapo anamwogesha mtoto," alisema. "Shikamoo mama. Kaeni, nimwite?"

"Marahaba. Mwache amalize," Ama akasema. "Mtoto asipigwe na upepo."

Hapa ndipo lilipotokea kosa ambalo ni sisi tu tungelifanya. Kwetu mgeni hakabidhi zawadi mkononi. Kumpa mtu kitu uso kwa uso, naye akupokee na kukushukuru, ni kama kumdai. Mgeni mwenye adabu huingia, hukiweka chombo chake mahali vyombo vya mwenyeji vya aina hiyo vinapokaa, huketi, hunyamaza. Mwenyeji atakikuta mwenyewe kwa wakati wake, na kuanzia kilipoguswa na rafu ile, chombo ni chake. Ama alitazama ndani ya banda la bintiye, akaona rafu yenye vibuyu vingi, vimesimama vizuri, akatingisha kichwa kwa kuridhika kwamba mwanawe ana vyombo. Akafungua khanga, akakiweka chake katikati ya vile vingine. Akaja kuketi kwenye benchi kando yangu, mikono mapajani.

Mama Husna hakuona. Alikuwa anatazama barabarani, kwa sababu gari lilikuwa linakuja.

Walishuka watalii wanne na dereva wao, kijana wa Karatu aliyevaa miwani nyeusi. Alimwamkia Ama vizuri kabisa, "Shikamoo bibi," akawaambia wageni wake maneno, wakatawanyika mezani. Watatu walikuwa wakishika na kuacha. Wa nne alikuwa mama mzee, mrefu, mwenye nywele nyeupe zilizokatwa kama za mvulana. Yeye alikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya vibuyu. Akavitazama vyote, vilivyopakwa rangi ya viatu vikang'aa, akakinyanyua kimoja tu. Sishangai leo. Ndicho pekee pale ambacho kiliwahi kufanya kazi. Alipitisha kidole kwenye kovu lake, palepale nilipokuwa napitisha changu, akakitikisa, akasikia maziwa, macho yakamtoka.

Mama Husna, ambaye hakuwa mtu wa kuachia mteja apoe, akataja bei. Mzungu yule akakubali bila kupunguza.

Nilimtazama Ama. Kama angeinuka akasema kile ni changu, mambo yangeisha palepale. Lakini hakikuwa chake tena. Alikuwa amekiweka kwenye vyombo vya bintiye, na bintiye alikuwa muuza vibuyu. Babu alikuwa amesema miaka yote ile kwamba Theresia anauza vyombo vya ndani vya watu, na sasa cha ndani kabisa kilikuwa mkononi mwa mtu wa mbali, kile kilichobeba uzazi wa nyumba yetu nzima, na Ama hakuwa na haki ya kunyoosha mkono. Nilisikia pumzi yake ikipita puani. Nilikuwa na hofu ambayo sikuielewa.

Kisha akainuka hata hivyo. Hakwenda kukinyang'anya. Kwake yeye mtu aliyeshika kibuyu cha maziwa ni mtu mwenye kiu, na hilo lilikuwa jambo tofauti kabisa na umiliki. Alikipokea kibuyu kwa upole, akafungua kifuniko, akamimina ndani ya kifuniko hicho maziwa mazito yenye mabonge ya siagi ambayo barabara ya Mang'ola ilikuwa imeyasuka, akampa.

"Bibi, samahani, huyu hawezi," dereva akasema. "Tumbo litamsumbua, na tuna safari."

"Mwambie ni ya nyumbani," Ama akasema.

Mzungu hakungoja kutafsiriwa. Alikunywa yote, siagi ikabaki kwenye mdomo wa juu, akafumba macho, na alipoyafumbua yalikuwa na machozi. Alisema kitu kirefu, na dereva akatwambia kwamba anasema amekumbuka nyumbani kwao utotoni, walikuwa na ng'ombe.

Mimi nikaelewa yote kwa pamoja. Walikuwa na ng'ombe. Ng'ombe akapotea. Mama huyu amezunguka dunia nzima akimtafuta, na sasa ameyajua maziwa yake kwa kuyaonja. Ng'ombe wao ni Doa. Nilianza kulia kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

"Doa ni wetu," nilisema. "Alizaliwa zizini kwetu, hata Babu anajua. Msimchukue."

Kilio hicho ndicho kilichomtoa Shangazi Theresia nyuma ya pazia, mtoto kifuani ndani ya khanga. Nilikuwa nimemsahau sura. Alikuwa na macho ya Babu na miguu ya Ama. Alimwona mama yake kwanza, akasimama. Halafu akaona kibuyu, na kidole cha Ama kikiwa juu ya ule ufa. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba ni yeye aliyekipasua, akiwa mdogo kuliko mimi, na kwamba Ama alikishona usiku huohuo ili Babu asijue.

Hakuna aliyemweleza chochote. Alizaliwa katika adabu ileile, akasoma rafu na benchi akajua.

Dereva akamsogelea, akapunguza sauti, lakini mimi nilikuwa karibu. "Dada Theresia, bei wameshapatana na Mama Husna. Huyu mama tangu asubuhi hajapenda kitu ila hiki. Usiniangushe, na mimi ndiye ninayekuletea watu hapa. Mabanda yako mengi."

Ulikuwa ukweli. Magari hayasimami yenyewe. Dereva ndiye anayechagua pa kuegesha, na dereva akikununia unabaki kuuza upepo. Shangazi alikuwa na mtoto wa wiki chache, na mume ambaye vitunguu vyake msimu ule vilikuwa vimeozea shambani kwa mvua ile ile iliyolijaza ziwa. Niliona akiwaza. Alimtazama dereva, akamtazama yule mzungu mwenye siagi mdomoni, akatazama chini. Ama alikuwa ameshageuza uso kuelekea majini, kumpa bintiye nafasi ya kuamua bila kutazamwa. Nimekutana na watu wengi wenye heshima zao tangu wakati huo, lakini sijaona mtu akimheshimu mwingine kama Ama alivyomheshimu Shangazi kwa kugeuka tu.

Shangazi alimfungua mtoto kifuani akamweka mikononi mwa Ama. Akakichukua kibuyu kwa mikono miwili, akakiinua, akanywa. Alikunywa kama mzazi anavyotakiwa kunywa, bila kupumzika, shingo ikipanda na kushuka, maziwa yakimchuruzika kidevuni hadi kwenye gauni. Alipomaliza alijifuta kwa kiganja.

"Mwambie nimemshukuru," alimwambia dereva. "Lakini hiki hakiuzwi. Mama yangu ameniletea maziwa ya uzazi."

"Basi kingewekwa mbali na vya kuuza."

"Mimi ndiye niliyekiweka," Ama akasema, bado akimtazama mtoto.

Dereva alivua miwani akaivaa tena. Alimweleza mzungu, na kwa haki yake alieleza kwa urefu, kwa sababu yule mama alikuja akamshika Ama mkono na kukaa nao muda, kisha akanishika na mimi kichwani. Nikamkwepa. Nilikuwa bado sijamsamehe kwa habari ya Doa. Walipanda gari bila kununua kitu, na kwenye dirisha la nyuma niliona nywele zake nyeupe mpaka vumbi lilipomficha. Mama Husna akasema, "Ndiyo hivyo," akaenda kutandaza upya shanga ambazo hazikuwa zimevurugika.

Shangazi aliketi kwenye benchi.

"Hatasimama hapa tena yule," alisema. "Na wenzake atawaambia."

Hakuwa analalamika. Alikuwa anamweleza mama yake hali ya nyumba, kama binti anavyoeleza ukame au ugonjwa wa kuku. Ama alimsikiliza, akatazama banda kwa mara ya kwanza kama mtu anayetazama shamba: rafu, meza, vumbi juu ya bangili, shuka zilizofungwa vibaya upande wa upepo, pazia, nepi kwenye kamba. Akauliza jiko liko wapi. Alimfunga mtoto mgongoni mwake, akaenda nyuma, na baada ya muda mfupi moshi ukapanda. Kisha akatokea na kitambaa, akaanza kuwapangusa wale faru mmoja mmoja.

"Wewe kaa mbele, mtu akipita umsalimie," alimwambia Shangazi. "Mtoto na jiko nitakaa navyo mimi."

Mchana ule mimi nilicheza ukingoni mwa maji. Nililamba chumvi kidoleni, nikawafukuza ndege wenye miguu mirefu wasionijali, nikavaa bangili mpaka kiwikoni na hakuna aliyenikemea. Kila nilipogeuka niliwaona wale wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma ya pazia, wakizungumza Kiiraqw bila kutazamana, sauti zikipita juu ya vibuyu. Nilikuwa na furaha iliyonijaa hadi nikashindwa kula.

Jioni baba alikuja na lori limejaa. Ama hakuinuka kwenye kigoda chake.

"Mama, twende, giza linaingia."

"Nendeni."

"Nitakurudia lini?"

"Sijui. Mtoto ataniambia."

Baba alikuna kichwa. "Sasa Mzee nimwambie nini? Nani atakamua?"

"Mwambie baba yako mikono anayo," Ama akasema.

Njia nzima nilifanya mazoezi ya ujumbe huo, maana baba alisema ni mimi nitakayeusema. Yeye, alisema, bado ana watoto wa kulea. Babu alikuwa amesimama mlangoni na taa ya chemli. Alitazama lori, akatusubiri tushuke, akatazama tena ndani ya lori. Nikamwambia. Nilimweleza na kibuyu, na mzungu, na jinsi Shangazi alivyokunywa. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akachukua ndoo akaenda zizini. Tulisikia Doa akiipiga ndoo teke, na Babu akimwomba radhi.

Alivumilia kwa muda. Maziwa tuliyokunywa siku hizo yalikuwa na manyoya na mabua, ugali uliungua, na Babu hakumlaumu mtu. Lori lilipokuwa linashuka tena Mang'ola alikuwa wa kwanza kupanda, amevaa koti lake la kanisani, kofia magotini. Baba akauliza anakwenda wapi. Akasema anamfuata mkewe. Ng'ombe alikuwa amewaacha kwa jirani yule yule wa kigoda.

Tulipofika mabandani hakuingia. Alisimama nje kwenye jua akitazama ziwa kwa bidii, kana kwamba ndilo lililomleta. Shangazi alimwona. Hakumkimbilia, wala hakulia. Alichukua kigoda kimoja kutoka kwenye vya kuuza, akakipangusa, akakiweka kivulini, akarudi kazini kwake. Kigoda kilikaa pale peke yake kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nakikodolea macho nikiomba Mungu. Hatimaye Babu akajikuna shingo, akasogea, akaketi. Ama akatoka nyuma, akamwekea mjukuu mapajani akarudi jikoni.

Alikuwa bado amekaa hivyo, mtoto amemshika kidole, wakati gari moja lilipopunguza mwendo na kusimama. Halikuwa lile la dereva wa miwani, lilikuwa lingine. Akashuka mzungu kijana, akapita mbele ya meza zote, akasimama mbele ya Babu, akainama na kuonyesha kidole chini yake. Alikuwa anauliza kigoda. Shangazi alikauka, bangili mkononi.

Babu alimtazama kijana yule toka viatu hadi kofia. Akainuka polepole, mtoto begani, akakipangusa kigoda kwa mkono wa koti lake la kanisani, akakigeuza miguu juu ili kionekane vizuri chini.

"Theresia," aliita. "Njoo umwambie huu ni mninga. Mchwa hawaugusi."